Bandari ya Nyikani

Mackinnon Road si barabara. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, kwenye njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, karibu kilomita 100 kutoka bandari ya Kilindini. Utingo akipiga bodi ya basi na kutangaza kwamba Mackinnon Road imefika, mgeni hushuka akitazama huku na huku, akiitafuta hiyo barabara yenye jina la mtu. Haioni. Barabara yenyewe ilikufa zamani, jina likabaki kwenye kibao cha stesheni ya reli, na mji ukalirithi kama mtoto anayevishwa koti la babu asiyemjua.

Wengi wanaoupita mji huu wanaujua kwa mambo mawili: ziara ya Sayyid Baghali iliyo kando ya reli, na joto. Jambo la tatu halisemwi sana hata na sisi watu wa pwani. Kati ya mwaka 1947 na 1950 serikali ya Uingereza ilikusudia kuujenga hapa mji wa maghala ambao ungeshika shehena za jeshi lake lote la upande huu wa dunia. Meli zingeshusha Kilindini, mabehewa yangepanda nyikani, na Mackinnon Road ingekuwa bandari bila ya kuwa na bahari. Mji huo ulichorwa, ukaanza kujengwa, kisha ukaachwa.

Ili kuelewa kwa nini mtu wa London aliona ramani ya Taru, nchi inayouzunguka mji huu, akadhani ameona mahali pa kuweka mji, lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu hakuwa wa kwanza kuitazama nchi hii akaiona tupu.

Watu wa mwambao waliiita nyika, na waliokaa huko wakawaita Wanyika, jina lenye dharau ndani yake. Neno Mijikenda lilishika mahali pake baadaye sana, katika miaka ya 1940. Ukitoka Mombasa kwenda bara unaacha minazi Mazeras, unapita Mariakani na Maji ya Chumvi (jina hilo tu ni onyo), Samburu, kisha Taru. Hapo vichaka vya miiba vinakuwa ukuta. Udongo ni mwekundu, na mvua ni ya kubahatisha hata katika miezi yake. Lakini Waduruma walikaa na mifugo yao, kwa kuwa walijua kitu ambacho msafiri hakukijua: maji ya Taru hayako kwenye mito, yako mwambani. Mawe ya huko yana mashimo ya asili yanayokinga maji ya mvua na kuyahifadhi wiki nyingi baada ya mbingu kufunga. Misafara iliyaita ngurunga. Mpagazi aliyetoka Rabai na mzigo kichwani alizihesabu ngurunga kama baharia anavyozihesabu bandari, na akizikuta kavu hakuwa na pengine pa kutia nanga.

Misafara ilikuwepo kabla Mzungu yeyote hajafika. Wakamba walileta pembe za ndovu pwani. Mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf kwake Ukambani mwaka 1849. Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alitoka Rabai Oktoba 1847 akafika mlima Kasigau, ambao siku isiyo na ukungu unauona kutoka Mackinnon Road ukitazama upande wa magharibi. Mwaka uliofuata alipita tena nyika hiyo hiyo, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona juu ya mlima Kilimanjaro kitu cheupe akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini, naye akamjibu kwa neno moja tu: baridi.

Neno hilo lilizua ugomvi Ulaya. Mtaalamu wa jiografia wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alishikilia kwamba barafu haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba mmisionari huyo ameota. Naona hapo ndipo historia yetu inapoanza hasa. Mtu mmoja ametembea kwa miguu Taru nzima akahesabu ngurunga, mwingine amekaa kwenye kiti chake na ramani, na huyo wa kwenye kiti ndiye aliyesikilizwa kwa miaka.

Sir William Mackinnon naye alikuwa mtu wa ramani, ingawa ramani zake zilikuwa za bahari. Alizaliwa Campbeltown, Scotland, mwaka 1823, akatajirika kwa meli za kampuni ya British India, zile zilizounganisha Bombay, Ghuba na Zanzibar. Mwaka 1887 alipata kwa Sultani Barghash haki ya kusimamia mwambao, na mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa, ikapewa hati ya kifalme. Kampuni ya meli ikajikuta na nchi kavu mikononi, na nchi kavu haina mkondo wa kukusukuma. Hivyo mwaka 1890 ilianzwa njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda bara, ikapewa jina lake. Mackinnon alifariki 1893. Kapteni Sclater wa wahandisi wa jeshi aliiendeleza kutoka Kibwezi mwaka 1895, ikafika Busia, ndiyo maana vitabu huiita njia ya Mackinnon na Sclater, kilomita zipatazo 960.

Kwenye karatasi ilikuwa njia nzuri. Ardhini, ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ndorobo na kwa kiu, na mizigo ikarudi kwenye vichwa vya wapagazi ilikokuwa tangu mwanzo. Kampuni nayo haikudumu. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi na kuitangaza kuwa himaya yake.

Ikaja reli. Taruma la kwanza lilitandikwa Mombasa tarehe 30 Mei 1896, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Vibarua wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, zaidi ya 30,000 kwa ujumla wa miaka ya ujenzi, na kiasi cha 2,500 wakafa. Tunakumbuka simba wa Tsavo waliowala vibarua kwa sababu simba ana meno na hadithi yake inauzika. Kabla ya Tsavo kulikuwa na Taru, mwaka 1897, na adui wa Taru hakuwa na meno. Hakukuwa na maji ya maelfu ya watu. Ilibidi maji yaletwe kwa treni kutoka nyuma, kila siku, nayo treni yenyewe ikiyanywa mengine njiani, maana injini ya mvuke ni mnyama wa kiu kuliko ngamia. Treni ya maji ikichelewa, kazi ilisimama. Reli ilipoikata njia ya zamani ya mikokoteni pakawekwa stesheni, ikaitwa Mackinnon Road.

Wakati huo huo ndio anaotajwa Sayyid Baghali Shah. Alikuwa Mpunjabi, msimamizi wa vibarua, na inasimuliwa kwamba alipobeba karai la mchanga, karai halikumgusa kichwani. Lilielea juu yake huku akitembea. Alizikwa kando ya reli, na juu ya kaburi pakasimama ziara, kisha msikiti. Kwa zaidi ya karne moja wasafiri wa dini zote wamekuwa wakisimama, Muislamu akisoma Fatiha, Mhindu akiinamisha kichwa, dereva wa lori asiye na dini ya kutaja akitumbukiza sarafu ili breki zisimwangushe Mariakani. Madereva wa treni nao walijulikana kwa kupunguza mwendo hapo. Mimi sina la kuongeza kuhusu karai, isipokuwa hili: katika nchi ambayo kila kitu kilibebwa kichwani na kila mzigo ulikuwa mzito, watu walimfanya walii mtu aliyebeba bila uzito. Siamini kwamba kisa hicho kingezaliwa mahali penye mto.

Basi stesheni ikabaki stesheni kwa nusu karne. Treni ilisimama, ikapumua, ikaondoka.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilijikuta na jeshi kubwa na mahali pachache pa kuliweka. India ilipata uhuru Agosti 1947. Palestina iliachwa Mei 1948. Huko Misri, wananchi walikuwa wakidai Waingereza waondoke, nao walikwisha kutoka Cairo na Alexandria wakajikusanya kando ya mfereji wa Suez, ambako walikuwa na maghala makubwa mno: vifaru, risasi, mahema, vipuri, dawa, vyote vilivyobaki vya vita. Waziri Mkuu Clement Attlee aliandika mapema mwaka 1946 akipendekeza kwamba badala ya kung'ang'ania Mashariki ya Kati, ulinzi urudi nyuma, kwenye mstari wa kutoka Lagos hadi Kenya. Majenerali wake hawakumpenda kwa wazo hilo, Montgomery akiwa miongoni mwa waliolipinga. Lakini vifaa vya Misri vilihitaji makao, na kidole kikashuka kwenye ramani hadi kwenye reli ya Mombasa.

Ukiitazama ramani hiyo kama walivyoitazama, hoja unaielewa. Kilindini ina kina, hata jina lake linasema hivyo. Reli ipo tayari. Karibu kilomita 100 kutoka baharini kuna ardhi tambarare na kavu, chuma hakishiki kutu upesi kama pale kisiwani, manowari ya adui haiwezi kuifikisha mizinga yake, na hakuna mashamba ya walowezi wa kufidiwa. Kuhusu wafugaji waliokuwa wakipeleka ng'ombe majini katika ardhi hiyo, ramani haikuwa na alama yao.

Kazi ikaanza mwaka 1947. Njia za pembeni za reli zikachepuliwa, vibanda vikubwa vya chuma vikasimamishwa, barabara za ndani zikachongwa, nyumba za askari na uwanja wa ndege vikajengwa. Maelfu ya tani za shehena zilipangiwa kuja. Wahandisi wa jeshi walisimamia, na mikono ya kazi ilikuwa ya Waafrika, wengine askari wa vikosi vya kazi vilivyokuwa vimetoka vitani hivi karibuni. Mwaka huo huo, tarehe 13 Januari, wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 walikuwa wamegoma, kuanzia makuli wa bandarini hadi watumishi wa majumbani, wakadumu siku 12, na Chege Kibachia akatokea kuwa sauti yao kupitia African Workers' Federation kabla ya kukamatwa na kupelekwa uhamishoni. Kwa hiyo tangu mwanzo, mji wa maghala ulitegemea bandari ambayo watu wake walikwisha kuonyesha kwamba wakikunja mikono hakuna behewa linaloondoka.

Tena bandari yenyewe ilikuwa imeelemewa. Baada ya vita kila nchi ilitaka saruji, chuma na mashine kwa wakati mmoja, na meli zilipanga foleni Kilindini zikisubiri gati. Reli ya mita moja haikutosha kwa mizigo ya Kenya na Uganda, seuze kuongezewa vifaru. Maji yakawa swali lile lile la 1897, sasa si ya vibarua wa kambi moja bali ya mji mzima unaotaka kupika, kufua, kuoga na kupoza mitambo. Huwezi kuuita mji mji kama kila tone lake linapanda treni.

Jirani yetu Tanganyika alikuwa akipitia jambo la aina hiyo hiyo miaka hiyo hiyo. Mpango wa Karanga ulianzishwa Kongwa mwaka 1947 na serikali hiyo hiyo ya Attlee, ukitaka kugeuza vichaka kuwa mafuta ya kupikia ya Waingereza. Nao ulichaguliwa kutoka juu, nao ulikutana na mvua isiyofuata ratiba na udongo unaokauka ukawa kama tofali. Mtwara ikajengewa bandari yenye kina na reli hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Mpango ulifutwa mwanzoni mwa 1951, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikaandikwa hasara. Watu wameandika sana juu ya karanga; kuhusu Mackinnon Road wamenyamaza, labda kwa sababu hesabu za jeshi hazisomwi hadharani kama za karanga.

Kilichoua mji wa maghala si joto peke yake, kama wanavyopenda kusema wanaosimulia habari za wakoloni na jua. Joto lilisaidia. Septemba 1949 pauni ilishushwa thamani kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na kila wizara London ikaanza kutafuta cha kukata. Na hasa, Waingereza hawakuondoka Suez. Majenerali walishinda ule ubishi na Attlee. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa na askari wanaofika 80,000 kwenye mfereji, na hawakutoka hadi 1956. Bandari ya nyikani ilijengwa kwa ajili ya mizigo itakayohama Misri, na mizigo haikuhama. Mwaka 1950 mradi ukasimamishwa. Vibanda vikabaki wazi, upepo ukipiga bati, na waya za uzio zikasubiri kazi nyingine.

Hazikusubiri sana. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na tarehe 24 Aprili 1954 Jenerali Erskine akaizingira Nairobi kwa askari na polisi wapatao 25,000, katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mitaani, makazini, vitandani, wakahojiwa na kugawanywa kwa rangi: weupe waachiwe au warudishwe vijijini, kijivu na weusi wazuiliwe. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kizuizini. Serikali ilihitaji mahali penye uzio, penye mapaa, palipo kwenye reli na mbali na milima ya Kati ambako mtu angeweza kupotelea msituni. Mahali hapo palikuwepo. Mabehewa yakashuka hadi Manyani, karibu na Voi, na hadi Mackinnon Road.

Ndivyo mji wa maghala ulivyopata wakazi wake wa kwanza wengi, ila walikuwa wakazi wanaohesabiwa kila asubuhi. Watu waliozoea ukungu wa Murang'a na Nyeri walishushwa kwenye nyanda za Taru, chini ya bati, katika joto ambalo hata Mduruma hulikimbia mchana akakae kivulini. Manyani homa ya matumbo iliua watu mwaka huo. Walinzi waliwapiga wafungwa, na kazi ngumu ilikuwa ndiyo dawa iliyoandikiwa kila asiyekiri kiapo cha Mau Mau. Maofisa waliuita mfumo huo wa kambi kwa jina la bomba: mtu anaingia mweusi upande mmoja, anasukumwa kutoka kambi hadi kambi, anatokea mweupe upande wa pili. Mackinnon Road ilikuwa mdomo mmojawapo wa bomba hilo.

Bomba jingine lilijengwa miaka hiyo, na sijui kama kuna aliyecheka alipoyaona majina hayo mawili kwenye faili za serikali moja. Mwaka 1957 maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo, yalianza kutiririka kwa bomba la kilomita zipatazo 220 kupitia Voi hadi Mombasa. Yale maji yaliyokosekana wakati wa reli, yakakosekana wakati wa maghala, sasa yalipita nyikani yakiwa yamefungwa ndani ya chuma, yakienda kisiwani. Vijiji vya njiani viliyasikia yakipita. Kuyanywa ni habari ya miaka mingi baadaye, na bado haijakamilika. Mpaka leo ukipita wakati wa kiangazi utawaona akina mama na madumu ya manjano wamepanga foleni kando ya bomba.

Kambi zilipofungwa, hakuna aliyeweka jiwe la kumbukumbu. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali mjini London kwamba Wakenya waliteswa vizuizini, ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, wengi wao wakiwa wazee waliotembelea mikongojo. Nyeri na Murang'a walishangilia. Taru haikutajwa, ingawa bati zilizowachoma baadhi yao zilisimama hapa.

Wazo la bandari ya nchi kavu halikufa, lilihama. Mwaka 1984 ilifunguliwa Embakasi, Nairobi, na makontena ya Kilindini yakaanza kupanda bara kwa reli kama ilivyokuwa imechorwa kwa vifaru vya Suez. Yanapita Mackinnon Road bila ya kusimama. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani ilisitishwa, ile iliyopunguza mwendo usiku mbele ya kaburi la Sayyid, na mwisho wa Mei treni ya reli mpya ikaanza. Vituo vyake vya njiani upande huu ni Mariakani, Miasenyi na Voi. Abiria wa leo huiona Mackinnon Road kwa sekunde chache kupitia kioo cha gari moshi lenye kiyoyozi: mabati, minara ya msikiti, malori, kisha miiba tena.

Kwenye lami mambo ni mengine. Hapa ni wadi ya jimbo la Kinango, na malori ya kwenda Uganda, Kongo na Rwanda yanasimama usiku na mchana. Kuna chai, kuna mbuzi wa kuchoma, kuna magunia ya makaa yanayouzwa na watu wanaojua wazi wanaumaliza msitu wao wenyewe na kwamba mvua ikikosa misimu miwili hawana kingine cha kuuza. Ng'ombe wa Taru wakifa kwa ukame, bei ya chakula inapanda kwenye vibanda hivyo hivyo.

Tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, Kwale na Taita Taveta zimekuwa zikivutana juu ya mji huu. Kila upande unasema mpaka ni wake, na kila upande unataka ushuru wa malori, wa soko na wa mifugo. Vikao vimeitishwa, na ramani za zamani zimetolewa makabatini zikanyooshwa mezani, zile zile zilizochorwa na watu walioandika juu ya Taru kwamba hakuna kitu.

Mchana ukipungua makali, dereva wa lori la kontena huteremka kwenye ngazi za ziara, akanawa mikono kwa chupa ya maji aliyoinunua Mombasa, akatumbukiza sarafu kwenye sanduku, akapanda tena kabini kuelekea Voi.